Bastola ya Mfukoni na Swali la Uaminifu

Tarehe 30 Januari 1835, katika mji wa Washington, Andrew Jackson, Rais wa saba wa Marekani, alikuwa akitoka katika jengo la Bunge baada ya kuhudhuria mazishi ya mbunge mmoja. Hewa ya siku ile ilikuwa nzito kwa unyevu. Mtu mmoja, mpaka rangi wa nyumba aitwaye Richard Lawrence, akajitokeza barazani, akatoa bastola ndogo iliyofichwa ndani ya nguo zake, akamwelekezea Rais kwa umbali wa hatua chache. Fataki ikalia, lakini baruti haikuwaka. Lawrence akatoa bastola ya pili, nayo ikafanya kama ya kwanza. Jackson, mzee wa miaka 67, akamwendea kwa bakora yake, na watu waliokuwapo wakamshika mshambuliaji. Baadaye bastola zile mbili zilijaribiwa, na zote mbili zikalia bila kosa.

Kisa hiki kifupi kina ndani yake swali lote la silaha ndogo ya kufichwa. Mtu abebaye bunduki kubwa begani huiona, huisafisha, huijaribu, na adui yake pia huiona. Abebaye bastola mfukoni hubeba kitu ambacho hakitazamwi na mtu kwa miezi au miaka, kisha siku moja hutakiwa kifanye kazi yake katika muda usiozidi pumzi moja. Siku hiyo haina kesho ya kurekebisha kosa. Basi tangu zama za baruti ya kumimina mpaka leo, historia ya bastola ndogo imekuwa historia ya mashindano baina ya mambo mawili yasiyopatana kwa urahisi, udogo na uaminifu. Kila fundi aliyetaka kuipunguza silaha aligundua kwamba kila kipande alichokitoa kilidai malipo yake mahali pengine.

Kabla ya karne ya kumi na tisa bastola ililipuliwa kwa jiwe. Waswahili waliijua silaha ya namna hii kwa jina la gumegume, jina lililotokana na jiwe lenyewe. Jiwe liligonga chuma, cheche zikaruka juu ya unga mdogo wa baruti uliowekwa nje ya mtutu, na moto ukapenya kwa tundu jembamba kwenda ndani. Upepo ulipeperusha unga ule, mvua iliulowesha, na mfuko wa nguo uliumwaga. Silaha ya aina hii iliweza kufaa katika mkono wa askari aliyesimama tayari. Katika mfuko wa koti haikuwa silaha ya kutumainiwa.

Mabadiliko yaliletwa na mtu ambaye hakuwa fundi wa bunduki. Alexander Forsyth alikuwa mchungaji wa kanisa katika nchi ya Uskochi, na kitu alichokipenda kilikuwa kuwinda ndege. Ndege wake walishtushwa na mwale wa unga wa nje kabla risasi haijatoka, wakaruka. Katika mwaka 1807 alipata hati ya kumiliki ubunifu wake wa kutumia unga unaolipuka kwa kugongwa. Kutokana na wazo lake zikatokea fataki, vikofia vidogo vya shaba nyekundu vilivyovikwa juu ya chuchu ya silaha. Jiwe likaachwa, na kwa mara ya kwanza bastola ya mfukoni ikawa kitu chenye maana. Walakini kisa cha Lawrence chaonyesha kuwa fataki ilikuwa nusu tu ya safari. Fataki zake zote mbili zililia. Kilichokataa ni baruti iliyokuwa ndani, na yamkini unyevu wa siku ile ndio uliosababisha.

Miaka thelathini baadaye, katika mji ule ule, bastola nyingine ndogo haikukataa. Henry Deringer, fundi wa Philadelphia, alikuwa amejipatia sifa kwa kutengeneza bastola fupi nene zilizouzwa mara nyingi mbili mbili. Kuuzwa kwa jozi hakukuwa mapambo. Kila moja ilikuwa na risasi moja tu, na mnunuzi alijua kwamba ya kwanza ikikataa, au ikikosa shabaha, hapana nafasi ya kujaza tena. Usiku wa tarehe 14 Aprili 1865, John Wilkes Booth aliingia katika chumba cha Rais Abraham Lincoln katika jumba la tamthilia la Ford akiwa na moja ya bastola hizo, ambayo urefu wake haukufika hata sentimita 15. Alipiga mara moja. Meja Rathbone, aliyekuwa ameketi pamoja na Rais, alipomrukia, Booth hakuwa na risasi ya pili, akatumia kisu. Lincoln akafariki asubuhi iliyofuata. Jina la Deringer likawa tangu hapo jina la bastola yoyote ndogo, hata zile ambazo hakuzitengeneza yeye, na watu wakaongeza herufi moja katika maandishi yake.

Hatua ya pili ya uaminifu ilikuwa risasi ya ganda la chuma. Hapa fataki, baruti na kichwa cha risasi vilikusanywa ndani ya ganda moja lililofungwa, na unyevu ukanyimwa mlango. Kiwanda cha Remington kilianza katika mwaka 1866 kutengeneza bastola ndogo ya mitutu miwili, mmoja juu ya mwingine, na kikaendelea kuitengeneza mpaka 1935. Kudumu kwa umbo moja kwa karibu miaka sabini ni ushahidi wa kutosha. Silaha hiyo haikuwa na sehemu nyingi za kuharibika, na penye sehemu chache pana makosa machache.

Wengine walitafuta risasi nyingi zaidi kwa njia ya rivolva, bastola yenye gurudumu la matundu linalozunguka. Rivolva ina fadhila moja kubwa. Risasi moja ikikataa kulia, mwenye silaha huvuta tena kifyatuo, gurudumu likazunguka, na risasi nyingine ikaja mbele ya mtutu. Nguvu inayoiendesha ni ya kidole cha mtu wala si ya risasi iliyotangulia, kwa hiyo kosa la mmoja halimzuii wa pili. Tatizo lake katika mfuko lilikuwa nyundo ya nyuma, ambayo hunasa katika kitambaa wakati wa kutolewa. Katika mwaka 1887 Smith & Wesson walitoa rivolva ambayo nyundo yake imefichwa ndani, na kitakoni ina kibanio ambacho lazima kibanwe na kiganja ndipo ipigike. Tangu mwanzo, basi, silaha ya mfukoni ilidaiwa mambo mawili kinyume: iwe tayari kulia mara moja inapotakiwa, na isilie kamwe isipotakiwa. Uaminifu wa kweli ni huo wa pande mbili.

Mtu aliyebadili kabisa habari ya bastola ndogo ni John Moses Browning. Alizaliwa katika mwaka 1855 huko Ogden, Utah, akiwa mwana wa fundi wa bunduki, akakulia katika karakana ya baba yake. Katika mwaka 1897 alipatana na kiwanda cha FN cha Herstal, nchini Ubelgiji. Kiwanda hicho kilikuwa kimeanzishwa katika mwaka 1889 kutengeneza bunduki za jeshi la nchi hiyo. Kutokana na mapatano hayo ikatoka bastola ya milimita 7.65, ambayo hujulikana kwa mwaka wake, 1900. Ilikuwa nyembamba, bapa, isiyo na nyundo ya nje, na yenye risasi saba ndani ya kitako. Iliuzwa kwa wingi mno, hata katika Kifaransa na Kirusi jina la Browning likawa jina la kawaida la bastola ya mfukoni.

Uzuri wa ubunifu wake ulikuwa katika wepesi wa wazo. Sehemu ya juu ya bastola, ambayo mafundi huiita slaidi, huteleza nyuma na mbele juu ya kiunzi. Risasi inapolia, nguvu ile ile isukumayo kichwa mbele huisukuma slaidi nyuma. Slaidi hulitema ganda tupu, huibana kamani, kisha kamani huirudisha mbele, nayo njiani huchota risasi mpya kutoka magazini na kuiingiza katika chumba cha mtutu. Yote haya hutendeka katika sehemu ndogo ya nukta moja. Katika bastola ya 1900 kamani moja ilifanya kazi mbili, kwani ndiyo iliyorudisha slaidi, na ndiyo iliyosukuma pini igongayo fataki. Sehemu zilikuwa chache, na fundi aliyezikusanya hivyo alielewa kuwa udogo haupatikani kwa kuvifinya vitu, hupatikana kwa kuvipunguza.

Hata hivyo, kwa bastola hii likazaliwa tatizo jipya lisilokuwako kwa Deringer wala kwa rivolva. Bastola ijilishayo hutegemea kila risasi iiandalie njia risasi inayofuata. Risasi moja dhaifu, ganda moja lililonasa, kamani moja iliyochoka, na msafara wote husimama. Mwenye rivolva huvuta tena. Mwenye bastola ya namna hii lazima atumie mikono miwili kuondoa kilichokwama, na wakati ambapo anahitaji silaha ya mfukoni aghalabu hana mkono wa pili wala muda.

Browning aliijua hatari hii, na jinsi alivyoikabili yaonekana katika bastola yake ndogo kuliko zote, ile ya 1906, ambayo Colt walianza kuitengeneza Marekani katika mwaka 1908. Uzito wake ulikuwa karibu gramu 370 na urefu wake kama sentimita 11 na nusu, kiasi cha kuingia katika mfuko wa kizibao. Ingeonekana jambo la akili kutumia risasi ndogo ya inchi 0.22, iliyokuwa rahisi na imeenea kila mahali. Lakini risasi hiyo ina ukingo mpana nyuma ya ganda, na kingo hizo hupandana ndani ya magazini. Tena unga wake wa kulipuka umo katika ukingo wenyewe, nao hauwaki kwa uhakika sawa na fataki ya katikati. Kwa hiyo ikatengenezwa risasi mpya ya milimita 6.35, yenye fataki katikati na ukingo usiotokeza sana. Nguvu yake haikuizidi sana ile ya zamani. Kilichozidi ni uhakika wa kulishwa na kulia. Hapa fundi alichagua uaminifu kabla ya nguvu, na wengi waliomfuata wamelisifu chaguo lake, ingawa si wote waliolifuata.

Namna ya kuupima uaminifu huo ilionekana wazi katika mwaka 1911. Jeshi la Marekani lilikuwa likitafuta bastola mpya, na ingawa silaha zilizoshindana zilikuwa kubwa, kipimo kilichotumika kimebaki mfano kwa zote. Bastola ya Browning iliyotengenezwa na Colt na bastola ya Savage zilipigwa risasi 6,000 kila moja. Ya Savage ilikwama mara 37. Ya Colt haikukwama hata mara moja, ikachaguliwa mwezi huo huo wa Machi. Tangu siku ile haikutosha tena fundi kusema kuwa silaha yake ni nzuri. Ilimpasa kuipiga mbele ya mashahidi na kuhesabu makosa.

Mwaka huo huo wa 1911 jimbo la New York lilipitisha sheria ya kuwataka watu wawe na leseni kwa silaha zinazoweza kufichwa. Kukutana kwa mambo haya mawili katika mwaka mmoja kuna maana yake. Kwa kadiri mafundi walivyozidi kuifanya bastola ndogo iwe ya kuaminika, ndivyo watawala walivyozidi kuiogopa. Nao hawakuogopa bure. Mwaka 1904, mjini Helsinki, Eugen Schauman alimpiga risasi Bobrikov, gavana wa Urusi katika Finland, kwa bastola ya Browning. Mwaka 1909, katika stesheni ya Harbin, Mkorea An Jung-geun alimwua Itō Hirobumi wa Japani kwa bastola ya Browning. Kisha likaja tukio lililotikisa dunia.

Vijana waliokwenda Sarajevo katika mwezi wa Juni 1914 walikuwa na mabomu sita na bastola nne za FN za namna ya 1910. Hii ilikuwa kazi nyingine ya Browning, ambayo kamani yake imezungushwa mtutu ili bastola izidi kuwa nyembamba. Kabla ya safari walifanya mazoezi ya kulenga katika msitu wa Topčider, karibu na Belgrade, na Gavrilo Princip ndiye aliyeonekana mwenye shabaha kuliko wenzake. Tarehe 28 Juni bomu lililorushwa na Čabrinović lilimkosa mrithi wa kiti cha enzi, Franz Ferdinand. Bastola ya Princip ililia mara mbili, na mara mbili hizo zikamwua Franz Ferdinand na mkewe Sophie. Vita Vikuu vilivyofuata vilifika hata Tanga, Taveta na Mahenge, na makumi ya maelfu ya wapagazi wa Afrika Mashariki walikufa kwa maradhi na njaa katika njia za msafara. Si bastola iliyoleta vita vile, kwani sababu zake zilikuwa kubwa na za siku nyingi. Lakini kama bastola ile ingekwama, historia ya siku ile ingeandikwa kwa maneno mengine.

Yafaa sasa kueleza kwa nini udogo hupigana na uaminifu, maana bila ya kulifahamu jambo hili haiwezekani kufahamu mabishano ya miaka ya karibuni. Slaidi ya bastola kubwa ni nzito, husafiri mbali na hurudi kwa utaratibu. Slaidi ya bastola ndogo ni nyepesi. Ili nguvu ya risasi isiirushe kwa kasi ya kuvunja, lazima kamani iwe kali sana, na kamani kali huwa ngumu kwa mkono wa mtu dhaifu kuivuta. Tena slaidi fupi hurudi nyuma kupita urefu wa risasi kwa kiasi kidogo mno. Magazini, ambayo nayo ina kamani yake ya kuinua risasi, hupewa muda mfupi kuliko katika bastola kubwa. Kamani hiyo ikichelewa kidogo, slaidi hupita bila kuchota kitu, au huipata risasi ikiwa bado imeinama.

Jambo la pili ni mkono. Bastola ijilishayo hutaka kiunzi chake kizuiwe imara ili slaidi iwe na kitu cha kutelezea. Mkono ukilegea, kiunzi hurudi nyuma pamoja na slaidi, nguvu hupotea, na ganda husakama mlangoni. Bastola kubwa ina uzito wake wa kujizuia. Ndogo humtegemea mshikaji, na kitako chake chaweza kuwa kifupi kiasi cha vidole viwili tu. Jambo la tatu ni maskani yake. Mfukoni mna vumbi la nguo, jasho na nyuzi. Jasho huleta kutu, mafuta hukauka, nyuzi huingia katika njia ya pini. Waswahili husema kikulacho ki nguoni mwako, na methali hiyo, ingawa ilisemwa kwa ajili ya watu, yaisadifu bastola kwa ukamilifu. Jambo la nne ni risasi yenyewe. Ile yenye kichwa cha mviringo huteleza vizuri kuingia katika mtutu. Zile zenye kichwa bapa au chenye tundu, ambazo watu wa zama hizi huzipendelea kwa kujilinda, zaweza kujigonga katika mteremko wa kuingilia. Bastola iliyopiga mamia ya risasi za namna moja yaweza kuikataa ya namna nyingine.

Kutokana na mambo hayo manne ndipo ilipotoka desturi ya kuizoeza bastola mpya kabla ya kuiamini. Desturi hii si ya bastola peke yake. Katika miaka ya 1950 mnunuzi wa motokaa mpya aliagizwa aende polepole kwa maili za mwanzo, ili vyuma vya injini visuguane na kupatana. Katika bastola ndogo sehemu hubanana sana. Kingo zilizotoka katika mashine huwa na makwaruzo madogo yasiyoonekana kwa jicho, na kamani mpya huwa kali kupita kadiri yake ya kudumu. Kila risasi ipigwayo huilaza kingo kidogo na kuilegeza kamani kidogo, mpaka mwendo unyooke. Kampuni moja ya Marekani inayotengeneza bastola hizi imeandika katika kijitabu chake kwamba silaha isihesabiwe kuwa tayari mpaka imepiga risasi 200, na kiasi hicho kimekuwa kama kanuni miongoni mwa wenye silaha, hata kwa zile za viwanda vingine.

Wako waliolipinga neno hili. Husema kwamba silaha ya kuokolea maisha yapasa itoke kiwandani ikiwa imekamilika, na kwamba kumwambia mnunuzi aimalizie kazi kwa risasi zake ni kumwuzia nyumba isiyoezekwa. Hoja yao ina nguvu. Viwanda vilivyo na mashine bora hutoa bastola nyingi zisizohitaji kuzoezwa, na jina la mazoezi laweza kuwa pazia la kufunikia kazi mbaya. Lakini wapinzani hawa husahau jambo moja. Hata bastola iliyokamilika haijulikani kuwa imekamilika mpaka ijaribiwe. Kipya kinyemi ingawa kidonda. Mng'aro wa chuma kipya humpumbaza mwenyewe, na kamani iliyopinda haionekani kwa nje. Risasi zile 200, kama haziisahihishi silaha, basi humfundisha mwenyewe hali ya silaha yake, na humfundisha mkono wake pia.

Je, risasi 200 zathibitisha nini? Hapa hesabu ina neno la kusema, nalo ni neno la kuleta unyenyekevu. Iwapo jambo limejaribiwa mara 200 bila kosa hata moja, elimu ya hesabu za makadirio huturuhusu kusema, kwa uhakika wa 95 katika 100, kwamba kiwango chake cha kukosa hakizidi kama moja na nusu katika 100. Haituruhusu kusema kwamba haitakosa. Ili kusema kuwa kosa halizidi moja katika 1,000, lazima mtu apige karibu risasi 3,000 bila kosa. Majaribio ya 1911, yaliyopiga 6,000, yaliruhusu kudai kosa lisilozidi moja katika 2,000. Mnunuzi wa kawaida hana fedha wala subira ya kufika huko. Basi aitwaye mwangalifu ni yule ajuaye kwamba imani yake ina mipaka, na aitwaye mpumbavu ni yule aliyepiga risasi kumi, akafurahi, akaitia mfukoni.

Katika nusu ya pili ya karne ya ishirini sheria za Marekani ziliingia tena katika karakana za mafundi. Sheria ya 1968 iliweka masharti juu ya bastola zinazoingizwa kutoka nje, na udogo ukawa miongoni mwa mambo yaliyoihesabia silaha upungufu. Walther PPK, bastola ya Kijerumani iliyotoka mwanzoni mwa miaka ya 1930, haikufika kipimo. Kiwanda chake kikachukua kiunzi cha ndugu yake mkubwa, Walther PP, kikakitia slaidi ya PPK, na bastola ikaingia ikiwa imeongezeka kimo kidogo tu. Lakini sheria hiyo haikuzuia vipande kuingia. Tarehe 30 Machi 1981 Rais Ronald Reagan alipigwa risasi kwa rivolva ndogo ya bei rahisi, ambayo vipande vyake vilitoka Ujerumani na kuunganishwa Miami. Ililia mara zote sita.

Kisha upepo ukageuka. Katika mwaka 1987 jimbo la Florida lilipitisha sheria ya kumpa leseni ya kubeba silaha iliyofichwa kila atimizaye masharti, na majimbo mengi yakafuata. Mwaka 1994 sheria ya nchi nzima iliweka kikomo cha risasi 10 katika magazini mpya, ikadumu mpaka 2004. Mafundi wakaona kwamba ikiwa risasi haziwezi kuzidi 10, hapana haja ya kitako kirefu, na bastola fupi za milimita 9 zikaongezeka sokoni. Mwaka 2022 Mahakama Kuu ya Marekani ilitangua sharti la jimbo la New York la kumtaka mwombaji aonyeshe haja ya pekee ya kubeba silaha nje ya nyumba yake. Hivyo bastola iliyokuwa ya wachache ikawa ya mamilioni, na swali la uaminifu likatoka katika karakana na kambi za jeshi likaingia katika mikoba ya kina mama na mifuko ya wazee.

Katika mbio hizo makosa hayakukosekana. Mwaka 2008 kampuni moja mashuhuri ilirudisha kiwandani bastola zake ndogo za mwaka huo, baada ya kuonekana kwamba ziliweza kulia zikianguka. Hapa yakumbukwe yale yaliyosemwa juu ya kibanio cha 1887. Silaha ikataayo kulia mbele ya mwuaji na silaha iliayo yenyewe mbele ya mtoto zina kosa la asili moja, maana zote mbili hazikutii. Watu wengi, wanapozungumza juu ya uaminifu, hufikiri upande wa kwanza tu. Upande wa pili ndio uwauao jamaa za wenye silaha majumbani mwao.

Historia hii ina funzo lisilokuwa jepesi. Kila hatua iliyoitoa bastola katika kukwama iliwahudumia watu wawili kwa pamoja, yule ajilindaye na yule avizaye. Chuma hakina njia ya kuwatofautisha. Fataki ya mchungaji Forsyth, iliyobuniwa kwa ajili ya ndege, ilifika mpaka chumba cha Lincoln. Kamani ya Browning, iliyozungushwa mtutu kwa ustadi wa kusifiwa, ilifika mpaka barabara ya Sarajevo. Mwaka 1835 taifa zima lilimshukuru Mungu kwa sababu bastola mbili hazikulia. Wakati huo huo, mlinzi yeyote wa Rais angelia machozi kama zingekuwa zake.

Kwa hiyo neno uaminifu, linapotumiwa kwa silaha, ni neno la kuazima. Uaminifu wa mtu una nia ndani yake, na waweza kukataa kutenda uovu. Uaminifu wa bastola ni kutokosea tu. Mafundi wa miaka mia mbili wamejitahidi kuutimiza wa pili, na kwa sehemu kubwa wamefaulu, kwa kupunguza vipande, kuchagua risasi, kupiga maelfu ya majaribio na kuwataka wanunuzi wajaribu tena. Ule wa kwanza hakuna kiwanda kiwezacho kuutengeneza, wala risasi 200 haziwezi kuuthibitisha. Richard Lawrence alipochunguzwa alionekana kuwa mtu aliyerukwa na akili, ajidhaniaye kuwa mfalme wa Uingereza, akapelekwa kutunzwa hospitali. Bastola zake, zilipojaribiwa, hazikuwa na kosa.